Mfalme Edipode na Mkono wa Mtu

Katika misiba ya kwetu, iwe Kiomboi, Ikungi au Manyoni, husemwa maneno mawili juu ya kifo kimoja. La kwanza husemwa mbele ya jeneza, kwa sauti, na siku hizi kwa kipaza sauti: kazi ya Mungu haina makosa. La pili husemwa nyuma ya nyumba kwa kunong'ona, penye masufuria ya wapishi au chini ya mti walikokaa wanaume: hapa kuna mkono wa mtu. Watu wale wale huyasema yote mawili siku ile ile, wala hawaoni kwamba yanapingana. Na ukiyatazama vizuri hayapingani sana. La kwanza linamkabidhi Mungu jambo zima, la pili linamkabidhi jirani, na katika yote mawili mikono ya msemaji inabaki safi.

Nataka kuyapima maneno hayo kwa tamthilia ya kale ambayo wengi wetu hatujaishika mkononi. Ni *Mfalme Edipode* ya Sophocles, Mgiriki wa Athene, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na Samuel S. Mushi na kutolewa na Oxford University Press mwaka 1971. Mushi alikuwa amekwisha kututafsiria *Makbeth* (1968) na *Tufani* (1969) za Shakespeare, na kabla yake Mwalimu Nyerere alitangulia na tafsiri yake ya *Julius Caesar* mwaka 1963. Kilikuwa kipindi cha watu waliotaka kuonyesha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba mzigo wowote. Nitamwita mfalme huyu Edipode, kama Mushi alivyomwita.

Msomaji wa Biblia hataingia ugenini kabisa. Hadithi inasema Edipode alilelewa Korintho, mji ule ule ambao Mtume Paulo aliuandikia barua. Ng'ambo ya ghuba, upande wa pili wa Korintho, palikuwa na Delphi, mahali ambapo Wagiriki walikwenda kumwuliza mungu wao Apolo habari za mambo yaliyofichika. Kati ya mawe yaliyochimbuliwa huko Delphi limo lenye jina la Galio, yule liwali ambaye Wayahudi walimleta Paulo mbele ya kiti chake cha hukumu katika Matendo 18, na wataalamu hulitumia kuhesabu miaka ya Paulo. Basi ni nchi ile ile, ila Sophocles aliandika karne tano kabla.

Mji wa Thebes umepigwa na tauni. Mazao yananyauka, mifugo inakufa, wanawake wanaharibu mimba. Waathene waliokaa kutazama mchezo huu hawakuhitaji kuelezwa, maana tauni iliingia mji wao mwaka 430 K.K., na wasomi wengi huiweka tamthilia katika miaka iliyofuata. Sisi tunaotazama mtama ukikauka shambani nasi hatuhitaji kuelezwa sana. Wananchi wanamjia mfalme. Mfalme amekwisha kumtuma shemeji yake Creon kwa Apolo, naye anarudi na jibu: katika nchi hii anaishi mtu aliyemwua Laius, mfalme aliyetangulia, aondolewe, na mji utapona. Edipode anasimama hadharani, anamlaani muuaji huyo asiyemjua, na anaapa kumtafuta kana kwamba Laius alikuwa baba yake mzazi.

Laius alikuwa baba yake mzazi, na muuaji ni yeye Edipode. Mjane aliyemwoa, Jocasta, ndiye mama yake. Kila Mwathene aliyekaa pale aliijua hadithi hii tangu utoto, kwa hiyo mwandishi hatafuti kutushtua kwa siri. Anatuonyesha jinsi mtu anavyoitafuta.

Na mwanzoni anaitafuta kama sisi. Mwonaji kipofu Tiresias anapoitwa, anakataa kusema. Anabanwa, anatukanwa, hatimaye anasema wazi: mwuaji unayemtafuta ni wewe. Edipode hajiulizi hata dakika moja. Papo hapo anaona mkono wa mtu: Creon anataka kiti changu, amemhonga kipofu huyu, wamekula njama. Anataka hata kumwua shemeji yake. Huyu ndiye mtu aliyekuwa na akili kuliko wote mjini, aliyewahi kukitegua kitendawili kilichowashinda wote. Akili haikumsaidia chochote jina lake lilipotajwa. Sehemu hii ya tamthilia ndiyo ningependa isomwe kwa sauti katika vikundi vyetu vya Biblia, polepole, kwa sababu hakuna mlango wowote wa nyumba zetu ambao haujasikia mazungumzo kama yale.

Watu wengi wanapotaja hadithi hii husema ni hadithi ya majaliwa: aliandikiwa, angefanya nini? Ni kweli kwamba kabla hajazaliwa ilitabiriwa kuwa atamwua baba yake, na kwamba wazazi wake walimtoboa vifundo vya miguu na kumtoa akatupwe mlimani. Ni kweli kwamba yeye mwenyewe, alipokua Korintho na mlevi mmoja karamuni akamwambia kuwa si mtoto wa baba yake, alikwenda Delphi kuuliza wazazi wake ni nani, akajibiwa jambo jingine kabisa: utamwua baba yako na kumwoa mama yako. Akakimbia asirudi Korintho, na kule kukimbia ndiko kulikompeleka kwa baba yake. Wagiriki walipenda hadithi za namna hii, ambamo mtego umewekwa kwenye njia ya kuukwepa mtego.

Lakini tazama kilichotokea njiani. Mahali zinapokutana njia tatu, Edipode anakutana na mzee kwenye gari la kukokotwa. Wanamsukuma apishe. Anampiga aliyemsukuma. Mzee naye anamchapa kichwani kwa fimbo ya kuswagia, na kijana anawaua wote, ila mmoja aliyetoroka. Wasomi wa Ulaya wamebishana sana juu ya tukio hili. Alijua kwamba ni baba yake? Hakujua. Basi ana hatia gani? Mzee ndiye aliyeanza kumpiga yeye mwenyewe, na sheria za siku zile zingeweza kumwachia.

Hapa nadhani msomaji wa Kiswahili ana jicho ambalo wengine hawana. Katika lugha yetu mwanamume wa umri ule unamwita baba kabla hujauliza ukoo wake. Unamkuta njiani, hujawahi kumwona, unasema shikamoo baba. Mama wa rika la mama yako ni mama. Huku kwetu utabiri ule wa Delphi usingekuwa fumbo hata kidogo: ungemkataza kijana kuinua mkono juu ya mzee yeyote, akakaa salama. Edipode alielewa neno baba kwa maana finyu kuliko zote, mtu mmoja tu aliyeko Korintho, na kwa hiyo akajiona huru kumwua kila mwingine. Simhukumu kwa kutojua damu yake. Lakini siwezi kusema kwamba hakujua kitu. Alijua amemwua mzee kwa hasira ya kugombea njia, kisha akaendelea na safari, akaoa, akatawala, na kwa miaka yote ile tukio hilo halikumnyima usingizi mpaka lilipohusishwa na jina kubwa.

Aristotle, aliyeandika juu ya tamthilia baadaye, alitumia neno *hamartia* kwa kosa linalomwangusha mtu wa namna hii. Ni neno la mrusha mkuki au mpiga upinde: kukosa shabaha. Wakristo wa kwanza walipoandika Agano Jipya kwa Kigiriki walilichukua neno hilo hilo, nasi katika Biblia zetu tunalisoma kuwa dhambi. Kati ya maana hizo mbili kuna nafasi kubwa, na Edipode amesimama katikati yake. Torati haikuiacha nafasi hiyo tupu. Kitabu cha Mambo ya Walawi kina sadaka kwa ajili ya aliyekosa pasipo kujua, na Hesabu 35 inaweka miji sita ya makimbilio kwa aliyemwua mwenzake bila kukusudia. Kutojua hakukumfanya mtu kuwa msafi moja kwa moja, wala hakukumfanya kuwa wa kuuawa. Alikuwa na mahali pa kukimbilia. Thebes haikuwa na mji wa makimbilio, na mfalme mwenyewe ndiye aliyeifunga milango kwa laana yake.

Sasa nirudi kwa Tiresias, kwa sababu najua mtu atasema: kumbe hata hadithi yako ina mpiga ramli, na ramli yake ni ya kweli. Jambo hili lisipite kirahisi. Katika Matendo 16, kule Filipi, Paulo anamkuta kijakazi mwenye pepo wa uaguzi. Kwa Kigiriki cha Luka pepo huyo anaitwa kwa jina la chatu, Python, yule yule ambaye Wagiriki walisema Apolo alimwua Delphi na ambaye jina lake lilishikamana na uaguzi wa mahali pale. Luka anaongeza jambo moja tu juu ya mabwana wa yule binti, nalo linatosha: alikuwa akiwapatia faida. Paulo alipomtoa pepo, mbele ya mahakimu walilalamika juu ya desturi. Kilichowauma kilikuwa mapato.

Tiresias hana bei. Edipode anamtukana kwamba anaona penye fedha tu, lakini ukifuatilia, kipofu yule hakutaka kuja, hakutaka kusema, na aliposema alimtaja aliyemwita. Hicho ndicho kipimo ninachopendekeza. Ni mpiga ramli gani katika wilaya zetu aliyewahi kupokea kuku na fedha kisha akamwambia mteja wake: ni wewe? Siku zote ni shangazi, ni mke mwenza, ni bibi jirani mwenye macho mekundu ambayo yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka sitini. Neno ramli chonganishi limeingia hata katika lugha ya Serikali, ambayo Januari 2015 ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli wa namna hiyo kufuatia mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Mkoa wetu una kumbukumbu yake pia. Katika miaka ya 1940, kwenye nchi ya Wanyaturu, watu waliuawa na wale walioitwa simba-watu, na Serikali ya kikoloni ikawashitaki na kuwanyonga baadhi ya watu. Mtu aliyekutwa ameraruliwa, swali lilikuwa lile lile: ni simba, au ni mkono wa mtu? Katika hali ile swali lilikuwa la haki, maana mikono ilikuwapo. Nalisema hili ili nisionekane kudai kwamba jirani hana kosa kamwe. Creon angeweza kuwa na njama. Ila hakuwa nayo.

Na hapa ninalo la kusema juu ya maigizo yetu wenyewe. Katika igizo la kanisani, mchawi akihitajika, anaingia bibi kizee amejifunga kaniki, mgongo umepinda, na watoto wanacheka kabla hajasema neno. Tunaimba juu ya neema na huku tunawafundisha watoto sura ya mtu wa kumshuku. Mwaka mmoja vijana wa kwaya wangejaribu kuigiza habari za Yuda mwana wa Yakobo na Tamari katika Mwanzo 38, ingawa najua wazee wa kanisa watasita. Yuda anaambiwa mkwewe mjane ana mimba ya uzinzi. Bila kuuliza anaamuru atolewe achomwe moto. Mwanamke anapotolewa anatuma muhuri, kamba na fimbo: mwenye vitu hivi ndiye mwenye mimba hii. Ni vya Yuda. Hukumu ile kali ilikuwa imemzunguka mwenye kuitoa, kama laana ya Edipode. Tofauti ni kwamba Yuda alivitambua vitu vyake mara moja, akakiri kwamba mwanamke yule ana haki kuliko yeye, na mwanamke hakuchomwa. Edipode alihitaji tamthilia nzima.

Lakini ndani ya tamthilia hiyo nzima kuna jambo linalomtukuza. Karibu wote waliomzunguka wanamwomba aache. Jocasta akishaanza kuelewa anamsihi: usiulize zaidi. Ni shauri la funika kombe mwanaharamu apite, na mke mwenye kumpenda mumewe alitoa kwa nia njema. Yule mchungaji mzee anayeitwa mwishoni naye hataki kusema. Huyu nampenda kuliko wote katika kitabu. Ndiye aliyepewa kitoto kile akitupe, akakihurumia, akampa mchungaji mwenzake kutoka Korintho. Wawili hao walikuwa wakikutana na mifugo yao mlimani miezi sita ya kila mwaka, kama wafugaji wetu wanavyokutana malishoni Wembere. Maafa yote yamepita katika huruma yake. Hakuna anayemlaumu kwa hilo, hata mwandishi, nami namshukuru mwandishi.

Edipode anaelewa sasa kwamba jibu litamwangamiza, na anauliza tena. Hili halikutabiriwa. Delphi ilisema ataua na ataoa, haikusema atajichunguza. Angeweza kumfukuza yule mchungaji, akatawala, akazeeka, na tauni akamwachia Creon. Sehemu yake ya uhuru ni ndogo, nayo ndiyo hii: kuuliza swali ambalo jibu lake ni yeye.

Isisomwe kwamba kila msiba una mwenye kosa ndani ya nyumba ile. Wanafunzi walipomwuliza Bwana kuhusu kipofu wa Yohana 9, ni nani aliyekosa, yeye au wazazi wake, alikataa upande wote. Mama aliyefiwa na mtoto kwa malaria asiambiwe ajichunguze. Huo utakuwa ukatili mwingine. Ninachokiona katika Edipode ni chembamba zaidi: anayeanzisha uchunguzi aweke jina lake katika orodha ya wanaochunguzwa. Mjomba anayeongoza kikao cha kumtafuta aliyemloga marehemu aulizwe pia, kwa adabu, marehemu alikaa ndani siku ngapi kabla ya kupelekwa hospitali, na nani alisema tusubiri.

Jocasta anajinyonga. Edipode anachukua vibanio vya nguo yake na kujitoboa macho. Anapoulizwa ni mungu gani alimsukuma, anajibu kwamba mateso ameyaleta Apolo, lakini mkono uliochoma macho ni wake mwenyewe, si wa mtu mwingine. Aliyeanza kwa kuona mkono wa mtu kila mahali amefika kwenye mkono mmoja. Naheshimu ukweli wa maneno hayo. Tendo lenyewe siliheshimu. Petro na Iskariote wote walitambua walichofanya. Mmoja alilia, akabaki na wenzake, mwingine akaenda peke yake. Edipode hana wenzake wa kubaki nao, na hakuna katika Thebes anayejua neno la kumwambia.

Kiswahili kina tamthilia nyingine inayomjibu huyu, *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969. Hussein alitahadharisha kwamba Kinjeketile wake ni wa kubuniwa, ingawa amemjenga juu ya mtu wa Ngarambe aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1905, vita vya Maji Maji vilipoanza. Kinjeketile wa tamthilia naye anajigundua. Unabii alioutoa, wa maji yatakayozuia risasi, umekuwa mkubwa kuliko yeye, na watu wanakufa. Wajerumani wanamtaka aseme kwamba maji yalikuwa uongo, na hata mwenzake Kitunda anamsihi. Anakataa, kwa kuwa anajua siku akisema hivyo, wajukuu wataambiwa kwamba babu zao walikosea kupigania nchi yao. Kwa miaka mingi wasomaji wamegawanyika juu ya kukataa huku. Mimi naona Hussein ameuliza swali gumu kuliko Sophocles: ungamo linaombwa na nani, na atalifanyia nini? Edipode alikuwa hakimu wa kesi yake mwenyewe. Kinjeketile alisimama mbele ya mwenye kamba, na mwenye kamba hakutafuta toba.

Sophocles hakumwacha Edipode wake pale mlangoni akivuja damu. Alipokuwa mzee wa karibu miaka tisini alimrudia katika tamthilia nyingine, iliyochezwa mwaka 401 K.K., baada ya mwandishi kufa. Edipode ni mzee kipofu mwombaji, anaongozwa na binti yake Antigone, na wanafika Colonus, kitongoji cha Athene alikozaliwa Sophocles. Wenyeji wakisikia jina lake wanataka kumfukuza. Sasa anajitetea: sikujua, na mnanishika kwa nisichokijua. Halaani mtu katika jambo hilo, wala hajitoboi tena. Mfalme wa Athene, Theseus, anamsikiliza, anampa hifadhi bila kumtaka kwanza ajitakase. Saa yake inapofika, kipofu anainuka, anawaambia mabinti wasimshike, anatangulia mwenyewe kuwaonyesha njia, na wenye macho wanamfuata.